Mbwa wana mstari wao kwenye fomu, wapagazi hawana

Saa tisa alasiri, bati la stoo linalia kwa jua. Mwanamke mfupi, kitambaa kichwani na mikono ya shati imekunjwa hadi kiwikoni, anapindua dumu la lita ishirini, mdomo chini, na kuliegesha juu ya kipande cha boksi kikavu. Kisha la pili. Kisha la tatu. Akifika la kumi anarudi kwenye la kwanza, analinyanyua na kulikagua boksi. Likionyesha unyevu, hata wa ukubwa wa ukucha, dumu hilo halisafiri.

"Tone moja hapa ni dumu zima kule," anasema bila kuinua macho. "Gari linatikisika kutwa. Ufa usiouona hapa, kule unageuka mdomo. Tena mdomo wa mmbea, haufungi."

Kabla ya kujaza, kila dumu analitia pua. Lililowahi kubeba dizeli analichora msalaba wa mkaa na kulitupa kando, maana harufu ya mafuta haidanganywi kwa sabuni. Akishajaza, analiminya ubavu mpaka maji yachuruzike mdomoni, ndipo anafunga. Hewa ikibaki ndani, maji yanacheza. Maji yakicheza, mfuniko unalegea.

Kazi yake ni kufungasha chakula na maji ya watu wanaokwenda kuwinda porini, kule ambako gari linaishia na miguu inaanza. Kampuni inayomwajiri inapokea wageni wenye vibali na bunduki zao, inawapa kiongozi, mpishi, mfuata nyayo na wapagazi, na kuwapeleka kwa siku tano mahali pasipo na duka, pasipo na bomba, wala mtu wa kuombwa chumvi. Kilichosahauliwa stoo kimesahauliwa. Huko hakuna "ngoja nikimbie mara moja".

Ana miaka arobaini na tisa na amefanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye karatasi ya mshahara tu. Kuanzia getini hadi jikoni wanamwita Mama Madumu. Mshahara wenyewe, wa mwezi mzima, ni pungufu ya kile anacholipa mgeni mmoja kwa siku moja ya kuwinda. Ukishatoa kodi ya vyumba viwili na ada ya binti yake wa sekondari, unakuwa umekwisha kabla ya tarehe kumi.

Chakula nacho kina elimu yake. Kila siku ina mfuko wake. Mfuko wa siku ya tano unakaa chini kabisa, wa siku ya kwanza juu, "kwa sababu mtu mwenye njaa hachambui, anachopoa." Mayai yanazikwa ndani ya unga. Kiberiti kinaingia kwenye kopo lililozibwa kwa nta ya mshumaa. Chumvi inagawanywa mara mbili na kufichwa sehemu mbili. Mchele na maharage anavipima kwa mizani, kisha anaongeza robo, kwa kuwa mtu anayetembea tangu alfajiri hali kama mtu anayekaa ofisini.

Sabuni haikai boksi moja na mkate. Mwaka wake wa kwanza alikosea hilo, na wageni wakala mkate wenye ladha ya sabuni siku tatu. "Wala hawakulalamika," anacheka. "Walidhani ndiyo upishi wetu."

Kicheko chenyewe hakidumu. Kesho asubuhi msafara wa kwanza wa msimu unaondoka: wageni watatu na kiongozi wao, mbwa wawili, wafanyakazi tisa, siku tano. Na kesho hiyohiyo Mama Madumu ameambiwa achague moja. Asaini fomu ya mizigo kama ilivyochapwa, au akabidhi funguo za stoo aende nyumbani.

Amekwisha kusema hasaini.

Fomu yenyewe ni karatasi moja, na ukiisoma unatamani uwe umekosea kusoma. Sehemu ya maji ina mistari minne. Wageni. Gari. Mbwa. Ziada.

Basi. Mfuata nyayo hayumo. Mpishi hayumo. Dereva, ambaye bila yeye hakuna anayefika, hayumo. Wapagazi wanaobeba kila kitu kichwani, hata hayo maji ya wengine, hawamo. Gari lina mstari wake, lita ishirini za rejeta. Mbwa wana mstari wao, lita tatu kila mmoja kwa siku. Hakuna anayewaonea gere mbwa. Si wao waliochapa fomu.

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Madumu aliishi na fomu hiyo bila kugombana nayo. Alipoajiriwa alimkuta mzee mmoja stoo, akamwonyesha kazi siku nzima, na walipofika kwenye fomu akamwambia: "Binti, watu wetu wanaingia hapo kwenye ziada." Naye akaandika hivyo. Msafara baada ya msafara, maji ya wapagazi yalikwenda porini kwa jina la ziada.

"Sikuuliza," anasema. "Ningeuliza nini? Maji yalikuwa yanakwenda, watu walikuwa wanarudi. Ukiona kitu kinatembea, huulizi miguu yake iko wapi."

Stoo ile ilikuwa na lugha yake pia. Gari likizidi uzito, bosi wa zamani alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Toa ziada." Kila mtu alijua maana yake. Unashusha madumu ya ziada, unayapanga mlangoni chini ya magunia yaliyoloweshwa ili yasipate joto, na saa sita mchana linakuja gari la pili kuyafuatisha. Kutoa hakukuwa kuacha. Kutoa kulikuwa kupeleka kwa gari lingine, na fomu ya gari la pili iliandikwa likija.

Kiangazi kilichopita bosi huyo alistaafu. Akaja Meneja mpya, kijana wa miaka thelathini na kitu, sauti ya upole, kompyuta kwapani. Mama Madumu hamsemi vibaya kwa tabia. "Hana matusi, salamu anatoa. Ndiyo maana ilinichukua muda kumkasirikia."

Msafara wa pili wa msimu ule wageni walikuja na friji la kuwekea vinywaji na hema la kuogea lenye pipa lake. Gari likapita mizani, likazidi. Meneja akasimama palepale aliposimama mwenzake miaka yote, akasema maneno yaleyale.

"Toa ziada."

"Yote, bosi?"

"Yote. Ziada ni ziada, mama."

Akashusha madumu kumi. Watu wanane, lita tano kila mmoja kwa siku, siku tano. Akayapanga mlangoni, akayafunika magunia yenye maji. Kwenye fomu, mstari wa ziada, akaandika sifuri, kama alivyozoea. Akasaini. Gari likaondoka na friji, na pipa la kuogea, na mbwa. Yeye akaketi juu ya gunia la mchele kungojea gari la pili.

Saa sita ikapita. Saa nane. Saa kumi akainuka akaenda ofisini.

"Bosi, gari la pili linachelewa."

"Gari lipi la pili?"

"La ziada."

"Mama, ziada si tulishaitoa?"

Anasema alisimama pale kama nguzo ya umeme. Gari la pili lilikuwa limehamishiwa kambi nyingine wiki iliyotangulia, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtu wa stoo. "Nikamwambia, bosi, yale ni maji ya watu. Akaniuliza, watu gani? Hakuuliza kwa ubaya. Alichukua fomu akanionyesha kwa kidole. Wageni wana maji. Gari lina maji. Mbwa wana maji. Watu gani?"

Akamsihi apige redio. Akapiga, hilo tumpe. Kiongozi wa msafara akajibu kwamba mbele kuna chemchemi, na kwamba hao watu wamezoea.

Wamezoea. Kuna maneno ambayo mtu anayatamka ameshiba, chupa ipo pembeni, na yanatoka laini kabisa. Amezoea jua. Amezoea njaa. Amezoea kulala chini. Kiu haizoeleki. Mtu akikaa nayo muda mrefu hazoei, anakufa.

Nyapara wa wapagazi, mwanamume mrefu mwenye magoti yanayolia kila anapochuchumaa, alikuwepo. Anasimulia taratibu, kama anayepanga matofali.

"Siku ya kwanza tulikunywa ya kwenye chupa zetu. Siku ya pili tukafika kwenye hiyo chemchemi, tukakuta tope, nyati wamelala humo. Tukachuja kwa shati. Siku ya tatu nikaenda kwa kiongozi, nikavua kofia, nikaomba. Akanipa lita mbili kwa watu wanane. Akasema yaliyobaki yamehesabiwa, yana wenyewe."

Anakuna goti.

"Baadaye nikaona mbwa ananyweshwa kwenye bakuli. Akanywa, akabakiza. Wakayamwaga yale yaliyobaki, eti kesho apewe mapya. Unajua, nisingesema neno mpaka leo. Kama wasingeyamwaga."

Aliyeumia zaidi ni mfuata nyayo. Huyo hutembea mbele ya wote, anakwenda na kurudi, anainama na kuinuka, hatua zake ni mara mbili ya za mwingine. Siku ya nne alianguka. Wenzake, wenye kiu vilevile, walimbeba kwenye turubai lililofungwa kwenye miti miwili, nusu siku, hadi lilipo gari. Daktari alipompokea alisema figo zimekauka kama mboga juani.

Mfuata nyayo huyo ni shemeji yake Mama Madumu, mdogo wa marehemu mume wake. Mume alipofariki miaka saba iliyopita, ndiye aliyebeba nusu ya ada ya binti, na ndiye aliyekuja kupiga msumari kila mlango ulipolegea.

Siku hizi anakaa chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Mara mbili kwa wiki anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mke wake anauza vitumbua asubuhi ili nauli ipatikane. Alipomwona Mama Madumu mlangoni, na mfuko wa ndizi mkononi, alianza palepale.

"Umekuja kuniona au kuhakikisha kama nimekufa?"

"Ungekufa ningejua. Mtaa ungetulia," akamjibu.

"Mke wa kaka, una roho ngumu kama mfuniko wa dumu lako. Haya kaa. Chukua kikombe kikubwa, changu ni kile kidogo. Daktari kanipimia maji, siruhusiwi kuzidisha." Akakiinua kikombe, kidogo kama cha kahawa, akakizungusha mbele ya macho yake. "Dunia hii, shemeji! Porini walininyima maji, nimerudi nyumbani nanyimwa tena."

Alicheka peke yake. Mke wake aligeukia ukuta akajifanya anakunja nguo.

"Mimi ndiye niliyeyashusha," Mama Madumu alisema alipotoka nje. "Kwa mikono hii. Yeye hanilaumu, anafanya utani, na utani wake unanichoma kuliko angenitukana. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yale hata hayakumwagika! Yalikaa stoo siku tano, safi, ya baridi, yamefunikwa. Walipomrudisha shemeji, tuliyatumia kuoshea gari."

Wiki mbili baadaye kampuni ilimwandikia barua. Ilisema tukio lilitokana na "uzembe wa mfungashaji", na ikataja sifuri yake na saini yake. Familia ya mfuata nyayo ilipoomba asaidiwe matibabu, ilijibiwa kwa barua nyingine fupi. Kwa mujibu wa fomu ya mizigo, ilisema barua, maji yote yaliyohitajika yalipakiwa.

Isome tena sentensi hiyo. Hakuna mtu aliyenyimwa maji, kwa kuwa hakuna mtu aliyeandikwa. Karatasi ile ile ilimtia mmoja hatiani na kumfuta mwingine, na haikuhitaji hata kalamu mpya.

Msimu ukafungwa, mvua zikanyesha, zikaisha. Mama Madumu akawa na miezi ya kuosha madumu na kufikiri. Wiki iliyopita alikwenda kwa Meneja na ombi moja: mstari mmoja uongezwe kwenye fomu, usomeke watu wa kazi. Akamwambia kwamba bila mstari huo hasaini.

Meneja, alipoulizwa na gazeti hili, hakukwepa. "Fomu inatoka makao makuu, mimi si mchapaji," alisema. "Kila mtu akiongeza mstari wake kwa kalamu tutafika wapi? Mwaka huu maji ya wapagazi yapo, nimeagiza yapakiwe. Sasa kama yapo, kuna haja gani ya kuandika?"

Alipopelekewa jibu hilo, Mama Madumu alifunga kamba ya turubai kwa nguvu mpaka ikalia.

"Kama yapo, wino unamwuma nani?"

Jambo moja linamfanya Meneja ashindwe kumpuuza. Kwenye geti la hifadhi, askari wa wanyamapori hawaruhusu gari la msafara kupita bila fomu yenye saini ya mfungashaji. Ni kanuni ya usalama. Askari wanakagua saini ipo. Hawakagui nani hayumo.

Asubuhi ya safari, saa mbili, gari limeshajaa. Mwaka huu Mama Madumu amebadili mpangilio. Madumu kumi na mawili ya wafanyakazi ameyapakia ya kwanza, chini kabisa, na juu yake amepanga kila kitu kingine hadi viti vya kukunja vya wageni. Atakayetaka kuyashusha itabidi ashushe safari nzima. "Mwaka jana yalikuwa juu," anasema.

Meneja anakuja na fomu juu ya ubao. Mama Madumu anaisoma, anajaza wageni, anajaza gari, anajaza mbwa. Kisha, pembeni palipobaki nafasi chini ya mbwa, anaandika kwa herufi kubwa: WATU WA KAZI 9, LITA 225, MADUMU 12. Anasaini.

Meneja anaitazama, anaichana vipande viwili, anarudi ofisini. Mashine inasikika ikichapa. Anatoka na nyingine. Mama Madumu anajaza tena, anaandika tena palepale, anasaini. Inachanwa. Inakuja ya tatu.

Wageni wamekaa kivulini na kofia zao. Mmoja anawarushia mbwa biskuti. Meneja anasogea karibu, anapunguza sauti.

"Mama, unaniaibisha mbele ya wageni."

"Fomu ndiyo inayokuaibisha, mwanangu. Mimi naisitiri."

"Basi kabidhi funguo."

Anavua kamba ya funguo shingoni, anaiweka juu ya boneti ya gari. Akishaweka hajui mkono auweke wapi, anaishia kuushika kwa mkono mwingine. Ni miaka kumi na miwili ile pale, inang'aa juani.

Meneja anageuka. "Mpishi! Njoo usaini wewe."

Mpishi ni mtu wa mwili, mpole, na tangu asubuhi hajatoa sauti. Anakuja akijifuta mikono kwenye aproni. Anapokea kalamu. Anaisoma fomu toka juu hadi chini, polepole, midomo ikichezacheza, kisha anairudia.

"Bosi, samahani. Mimi niko mstari gani?"

"Saini tu, wageni wanangoja."

"Nasaini, sikatai. Naomba tu unionyeshe nilipo. Mimi si mgeni." Anasogeza kidole. "Si gari." Kidole kinashuka, kinasita. "Hapa sitaki kuendelea, wenyewe wako pale wanasikia."

Mpagazi mmoja anapasuka kicheko, anajiziba mdomo kwa kofia. Meneja anachukua kalamu na fomu, anampa dereva. Dereva, ambaye kila asubuhi husomea kambi nzima gazeti kwa sauti hadi ukurasa wa matangazo ya vifo, anatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mimi bosi, kusoma sikujaliwa."

Nyapara anashusha mzigo aliokuwa ameuinua, anaukalia. Magoti yanalia. Wa pembeni yake naye anaukalia wake. Hivyohivyo mpaka wa mwisho.

Mgeni mmoja anauliza kuna tatizo gani. Meneja anatazama saa, anatazama geti, anatazama lile gari ambalo ili liguswe lazima lishushwe lote. Anaichukua fomu ya tatu kutoka kwa dereva, anamrudishia Mama Madumu.

"Andika. Safari hii tu."

Anaandika. Anasaini. Gari linapiga honi mbili, tayari kutoka. Mama Madumu anapochukua funguo, maana hata boneti yenyewe inaondoka, Meneja anamwambia azishike mpaka warudi, na kwamba Jumatatu anaitwa makao makuu kujieleza.

Ungedhani atakuwa na furaha. Alipiga teke boksi tupu hadi ukutani.

"Safari hii tu! Kwa hiyo safari ijayo hawatakunywa? Amenipa kama zawadi ya sikukuu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema. Uongo! Anamjua. Anamwona kila siku, anamsalimia, anamuuliza watoto hawajambo. Hajamwandika tu."

Siku ya tano, mchana, gari lilirudi. Watu tisa walishuka kwa miguu yao, wachafu, wakipiga kelele, wakimtania mpishi kwa wali ulioungua. Madumu mawili yalirudi yamejaa. Nyapara alimfuata Mama Madumu mlangoni mwa stoo, kofia mkononi.

"Mama, Mungu akuzidishie. Safari hii tumekunywa."

Uso wake ulibadilika, si kwa namna nyapara aliyoitegemea.

"Usinishukuru! Vaa kofia yako. Umewahi kumshukuru mtu kwa kuvuta pumzi? Wewe ni mtu mzima, una wajukuu, unanivulia kofia kwa sababu ya maji!"

Nyapara aliivaa upesi. "Basi nisikushukuru. Nikugombeze?"

"Nigombeze. Ningependa zaidi."

"Wali ulikuwa na chumvi kidogo."

"Toka hapa," alisema, na hapo ndipo alipocheka.

Jumatatu atapanda basi la saa kumi na mbili kwenda makao makuu, mwendo wa saa nne. Atakuwa na cheti cha daktari cha shemeji yake, barua mbili za kampuni, na fomu mpya ambayo binti yake ameichora kwa rula kwenye karatasi ya hesabu. Hatazamii kurudi na kazi yake. Amekwisha kumwambia mwenye nyumba, na amekwisha kuuliza bei ya meza ya kuuzia mboga mtaa wa pili.

"Wakinifukuza watamweka mwingine," anasema. "Labda atakuwa mwoga. Labda ana watoto wadogo. Labda mgeni wa kazi kama nilivyokuwa mimi, ataambiwa toa, naye atatoa. Sitaki kiu ya watu itegemee ubishi wa mwanamke mmoja, kwa sababu huyo mwanamke ataugua, atazeeka, atafukuzwa. Nataka huyo anayekuja akute mstari umeshachapwa. Amalize, asaini, akalale."

Jumapili mchana, mezani nyumbani kwake, alivaa miwani kuikagua kazi ya binti. Herufi zilikuwa nzuri. Wageni. Gari. Mbwa. Watu wa kazi. Ziada. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Mbona umewaweka chini ya mbwa?"

"Si ndivyo ulivyoandika wewe kule, mama?"

"Kule hapakuwa na nafasi. Hii karatasi ni yetu." Akamrudishia rula na kifutio. "Wapandishe."